Rejista ya nyonga na magoti bandia: namna ya kuianza kwa daftari moja na kuitumia

Wenzangu wa Kigoma, Urambo na Nzega wananipigia simu kuuliza mambo yaleyale kuhusu rejista, yaani daftari la kuandika na kufuatilia kila nyonga au goti bandia lililowekwa. Nianze na programu gani? Wagonjwa wenyewe ni kumi na kitu tu kwa mwaka, kuna faida gani? Huyu kapasuliwa Dar es Salaam na sasa anakuja kliniki kwangu, namwandika au simwandiki? Na daktari bingwa hatadhani namchunguza? Nimejibu mpaka vocha zinaisha, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mifupa hapa Tabora. Takwimu sikuzisomea, na unachokisoma hapa kimetokana na kaunta buku, simu ya ofisi na makosa mengi. Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu, mtaalamu wa fiziotherapia au mtunza kumbukumbu aliye kwenye hospitali ambako viungo bandia vinawekwa mara chache, au vinawekwa madaktari bingwa wanapokuja kwa kambi, au ambako wagonjwa wanarudi baada ya kupasuliwa kwenye hospitali kubwa.

Nadharia ni fupi. Wasweden walianza kuandika magoti bandia mwaka 1975 na nyonga mwaka 1979. Norway wakaanza mwaka 1987. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja saruji ya mifupa iitwayo Boneloc, na takwimu za rejista ya Norway zilizochapishwa mwaka 1995 zikaonesha kwamba nyonga zilizogandishwa kwa saruji hiyo zinalegea mapema kuliko nyingine. Baadaye rejista ya Australia iliona nyonga ya chuma kwa chuma iitwayo ASR inarudishwa thieta, yaani kupasuliwa tena, kupita kiasi, na mwaka 2010 mtengenezaji wake, DePuy, akaiondoa sokoni dunia nzima. Daktari mmoja mmoja asingeligundua hilo. Kila mmoja alikuwa na wagonjwa wake wachache, na aliyepata tatizo alidhani ni bahati mbaya ya mgonjwa yule. Na mtu akikwambia hayo ni mambo ya Ulaya, mtajie jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa: Malawi wana rejista ya taifa ya viungo bandia tangu mwaka 2005.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kibali cha maandishi cha mganga mfawidhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kibali cha mdomo hakitakusaidia siku kukiwa na malalamiko.
- Fomu ya ridhaa ya Kiswahili, ukurasa mmoja, inayosema wazi kwamba tutakupigia simu kila mwaka, kwamba tutaandika namba za ndugu zako, na kwamba ukikataa matibabu yako hayatabadilika.
- Kaunta buku yenye jalada gumu, na kabati lenye kufuli.
- Kompyuta moja yenye Excel. Usinunue programu yoyote mwaka wa kwanza.
- Simu ya ofisi na vocha. Hili lipiganie kwenye bajeti kabla ya kompyuta.
- Mtu mmoja mwenye rejista, na wa pili wa kumshikia akiwa likizo. Rejista ya "sote tunajaza" haijazwi na yeyote.

Ukipanga kuchapisha matokeo kama utafiti, hiyo ni ruhusa nyingine kabisa, ya maadili ya utafiti, na inapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kuboresha huduma ndani ya hospitali na kufanya utafiti ni vitu viwili.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwenye ukurasa wa kwanza

Swali moja. Letu lilikuwa hili: kati ya viungo tulivyoweka, vingapi vimerudishwa thieta ndani ya mwaka mmoja, na kwa sababu gani? Kila safu utakayotaka kuongeza, iulize kama inasaidia kujibu swali hilo. Kama haisaidii, iache. Nimeona fomu ya kurasa nne iliyoandaliwa kwa bidii sana, ikajazwa kwa wagonjwa watatu, ikafa.

Hatua ya 2. Mstari mmoja ni kiungo kimoja, si mtu mmoja

Hapa ndipo wengi wanapoharibu mapema. Kanda yetu ina vijana wengi wenye selimundu ambao kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, na mara nyingi ni nyonga zote mbili. Kijana akiwekewa ya kulia mwaka huu na ya kushoto mwakani, hiyo ni mistari miwili. Ukiandika mtu mmoja kwa mstari mmoja, siku ya kushoto itakapopata usaha hutajua unahesabu ipi.

Aliyepasuliwa kwingine mwandike, ila mpe alama ya N, yaani nje. Mfuatilie kama wengine kwa faida yake, lakini usimtie kwenye hesabu ya hospitali yako wala kwenye hesabu ya hospitali iliyompasua. Sababu ni rahisi: kati ya waliopasuliwa mbali, wanaokuja kwako zaidi ni wenye shida. Wazima wako Sikonge wanapalilia. Ukiwahesabu wanaokuja tu, utaisingizia hospitali ya watu.

Hatua ya 3. Jaza safu za siku ya upasuaji

Hizi ndizo tunazotumia, na zimetutosha:

1. Namba ya faili, na namba ya NIDA kama anayo.
2. Majina matatu, jinsia, mwaka wa kuzaliwa.
3. Kijiji, kata, wilaya.
4. Namba tatu za simu: yake, ya ndugu anayeishi naye, na ya mtu wa kijijini asiyehama ovyo.
5. Kiungo na upande: nyonga au goti, kulia au kushoto.
6. Sababu ya upasuaji: kusagika kwa kiungo, kufa kwa kichwa cha paja, kuvunjika shingo ya paja, baridi yabisi, mengineyo.
7. Magonjwa mengine: selimundu, kisukari, VVU, shinikizo la damu. Pamoja na uzito na urefu.
8. Tarehe, saa ya kukata, saa ya kumaliza.
9. Saa aliyochomwa antibiotiki, na jina la dawa.
10. Aina ya ganzi.
11. Daktari aliyepasua, kwa namba ya siri na si kwa jina.
12. Kipandikizi: stika zote. Saruji imetumika au la, na ni ipi.

Majina matatu si urembo. Huku kwetu akina Kulwa na Doto ni wengi, Shija na Masanja hata usiseme, na pacha wawili waliozaliwa siku moja wana mwaka mmoja, kijiji kimoja na jina la baba moja. Tuliwahi kumpigia Doto tukamuuliza habari za goti la Kulwa, akatujibu kwa adabu kwamba goti lake halijambo. Tukaandika "halijambo". Kulwa mwenyewe alikuwa amelala ndani ameshindwa kukanyaga.

Tarehe iandike kwa namna moja tu, mwaka kwanza: 2025-03-09. Ukiacha kila mtu aandike atakavyo, tarehe 3 mwezi wa 9 na tarehe 9 mwezi wa 3 zitabadilishana ndani ya Excel na hutajua.

Hatua ya 4. Okoa stika

Kila kipande cha nyonga au goti bandia huja na stika kwenye boksi lake: jina la kampuni, namba ya katalogi, namba ya bechi, saizi, tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyonga moja inaweza kuwa na vipande vinne: kikombe, bitana yake ya ndani ya plastiki, kichwa, na shina. Stika zake ndizo pekee zinazoweza kukwambia, miaka minane ijayo, kwamba huyu na yule wa Kaliua walipewa bechi moja.

Na ndizo zinazotupwa kwanza. Thieta ikiisha, muuguzi amechoka, boksi linakwenda kwenye pipa na stika ndani yake. Kambi ya madaktari bingwa ni mbaya zaidi, maana vifaa vimekuja na wageni na masalia yanaondoka na wageni.

Fanya hivi:

a) Kabla ya upasuaji, funga bahasha kwenye faili la mgonjwa kwa klipu, iandikwe "STIKA". Muuguzi anayezunguka thieta atie stika humo kila boksi linapofunguliwa, asisubiri mwisho.

b) Kwa kawaida boksi huwa na stika zaidi ya moja za kipande kilekile. Moja ibandikwe kwenye faili, nyingine kwenye kaunta buku, nyingine kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa.

c) Namba za bechi zinakili kwa kalamu pembeni ya stika siku hiyohiyo. Wino wa stika unafifia, gundi inakauka, na joto la Tabora la mwezi wa kumi unalijua.

d) Piga picha ya ukurasa kwa simu ya ofisi. Usipige kwa simu yako. Picha ya mgonjwa au ya kumbukumbu zake haina kazi kwenye simu ambayo watoto wako wanachezea.

Kipande kilichofunguliwa kikaonekana hakimfai mgonjwa, stika yake isibandikwe kwenye mstari wake. Bandika ukurasa wa nyuma na uandike "hakikuwekwa". Sisi tulikuwa na mgonjwa mwenye vichwa viwili kwenye nyonga moja, kwa mujibu wa daftari.

Hatua ya 5. Pima hali yake kabla hajapasuliwa

Bila hali ya kabla huwezi kusema amepata nafuu kiasi gani. Kuna dodoso la Oxford, lenye maswali 12 ya nyonga na mengine 12 ya goti, alama zikianzia 0 hadi 48, na 48 ndiyo hali njema kabisa. Ni zuri na linatumika nchi nyingi. Ila baadhi ya maswali yake yanamwona mgonjwa anayevaa soksi, anayepanda gari lake na kwenda dukani. Bibi wa Buhigwe anataka kujua kama atachuchumaa chooni, kama atainama kwenye maharage, kama atapanda bodaboda akakaa upande, kama atasujudu.

Usibadilishe maswali ya dodoso halafu ukaendelea kuliita la Oxford. Alama zako hazitalingana na za mtu mwingine yeyote. Liache lilivyo, kisha chini yake ongeza maswali yako manne au matano ya huku kwetu, yakae peke yake. Sisi ukituuliza yapi yanatusaidia zaidi kwenye maongezi na mgonjwa, nitakwambia ni yale ya chini.

Kuhusu maumivu ya 0 hadi 10: wazee wengi hawayapimi kwa namba. Wape vidole kumi vya mikono yao wenyewe, au sarafu kumi mezani watenge za maumivu. Njia utakayotumia kabla, itumie hiyohiyo baada.

Hatua ya 6. Mtafute mgonjwa, usimsubiri

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Asiyerudi kliniki si kwamba amepona. Anaweza kuwa mzima kabisa. Anaweza kuwa amefariki. Anaweza kuwa anatoa usaha na anatibiwa kwa majani huko Uvinza kwa sababu nauli ya kuja ni shida, au kwa sababu alikaripiwa mara ya mwisho alipochelewa. Kwenye daftari wote watatu wanafanana: nafasi tupu.

Ratiba yetu ni wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 3, mwaka 1, kisha kila mwaka kwa simu. Mwezi wa 3 usiuruke, kwa sababu maambukizi ya kina ya kiungo bandia hufuatiliwa kwa siku 90.

Kwenye simu, salamu kwanza, na si ya haraka. Mzee wa Kinyamwezi ukimwanza kwa "mwangaluka" na bibi wa Kiha kwa "mwakeye", umeshapata nusu ya majibu. Mwite baba, mama, bibi, babu, kama ungemwita akiwa mbele yako. Kisha maswali matano:

1. Unatembea kwa miguu yako, kwa fimbo, kwa magongo, au huwezi?
2. Maumivu ni vidole vingapi?
3. Kidonda kimekauka, au kinatoa maji au usaha?
4. Umeanguka, au nyonga imewahi kuchomoka?
5. Umelazwa au umepasuliwa tena mahali popote, hata kama si kwetu?

Swali la tano wengi hulisahau, na ndilo lenye jibu la swali lako la ukurasa wa kwanza.

Akisema kidonda kinatoa usaha, ana homa, shavu la mguu limevimba na kuuma, anahema kwa shida, au mguu umekuwa mfupi ghafla, mazungumzo ya rejista yameisha hapo. Mwambie aje leo, na umjulishe daktari. Usimwandikie antibiotiki kwa simu. Vidonge vinaweza kuficha maambukizi kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo ambazo kiungo kingeweza kuokolewa.

Majira nayo yana maana. Msimu wa tumbaku ukipamba moto, mtu wa Urambo hapokei simu mchana, mpigie baada ya magharibi. Familia za wavuvi wa dagaa kule Kigoma utawapata wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka hawaingii ziwani. Simu isipopatikana mara tatu kwa siku tofauti, nenda kwa ndugu, kisha kwa balozi au mtendaji wa kijiji. Balozi usimwambie ugonjwa. Sema tu unaomba fulani akupigie.

Mwisho wa kila simu, jaza moja kati ya hizi: HAI-SAWA, HAI-SHIDA, MARUDIO (kiungo kimerudishwa thieta), AMEFARIKI, HAPATIKANI. Nafasi isibaki tupu. Tupu maana yake hujamtafuta.

Hatua ya 7. Linganisha na daftari la thieta kila mwisho wa mwezi

Kaa na daftari la thieta, hesabu nyonga na magoti yote ya mwezi, linganisha na yako. Thieta ikiwa na 5 na wewe una 4, mtafute wa tano leo. Mara nyingi aliyekosekana ni wa usiku, wa dharura, au aliyefariki wodini, na hao ndio wenye matokeo mabaya zaidi. Rejista inayowakosa hao inapendeza bure.

Siku hiyohiyo hamishia kwenye Excel, weka nywila, toa nakala rudufu kwenye diski inayokaa kabati lingine. Jina na simu vikae kwenye faili moja, taarifa za upasuaji kwenye faili la pili, vikiunganishwa kwa namba tu.

Hatua ya 8. Hesabu bila kujidanganya

Hesabu tatu zinatosha.

Ya kwanza: wahesabu waliotimiza mwaka tu. Nyonga iliyowekwa mwezi uliopita haijafaulu wala haijashindwa, bado changa.

Ya pili: waoneshe wasiopatikana. Tuseme viungo 40 vimetimiza mwaka, 2 vimerudishwa thieta, na 12 hujui habari zake. Ukigawa 2 kwa 40 utapata asilimia 5 na utapongezwa. Ukiwatoa usiowajua, ni 2 kwa 28, yaani asilimia 7. Na kama wale 12 wote walirudishwa thieta kwingine, ni 14 kwa 40, asilimia 35. Ukweli uko mahali fulani kati ya 5 na 35, na pengo lote hilo ni kazi yako ya simu ambayo haijafanyika. Andika namba zote tatu kwenye ripoti, hata kama wakubwa wanaipenda ile ya kwanza.

Ya tatu: sifuri si sifuri. Viungo 30, maambukizi hakuna hata moja? Gawa 3 kwa 30. Kiwango chako halisi kinaweza kuwa hadi asilimia 10 na bado ukapata sifuri kwa bahati tu. Njia hii ya kugawa tatu kwa idadi yako ni ya kukadiria, lakini inazima majigambo ya wagonjwa 30. Hili pia ndilo jibu la "wagonjwa wetu wachache": hamtaweza kujua kipandikizi gani ni bora, lakini mtajua nani anahitaji kupigiwa leo, na namba zenu zikiunganishwa na za hospitali nyingine zinaanza kusema kitu.

Wagonjwa watakuuliza chuma kitadumu miaka mingapi. Rejista za nje zina makadirio: kwenye uchambuzi wa mwaka 2019, nyonga 58 kati ya 100 na magoti 82 kati ya 100 yalikadiriwa kufika miaka 25. Kuwa mwangalifu kuwapa vijana wetu namba hizo. Wengi wa waliohesabiwa kule ni wazee waliosagika viungo. Kijana wa selimundu wa miaka 24 anayebeba magunia si mtu yuleyule, na jibu la kweli la kwake litatoka kwenye daftari kama lako.

Kama umefika miaka mitano na una waliofariki na waliohama, tafuta mtakwimu akusaidie mchoro wa Kaplan-Meier, unaoonesha viungo vingapi bado vinadumu mwaka hadi mwaka. Usijitese nao peke yako.

Hatua ya 9. Peleka mezani, badilisha kitu kimoja

Daftari lisilosomwa ni karatasi. Kila miezi mitatu omba nusu saa kwenye kikao cha idara: daktari, muuguzi wa thieta, mtu wa ganzi, fiziotherapia, mfamasia. Ukurasa mmoja tu. Chagua tatizo moja, kubalianeni badiliko moja, andika tarehe ya badiliko kwa kalamu nyekundu kwenye rejista, angalieni tena baada ya miezi mitatu.

Kwetu ilikuwa saa ya dawa. Antibiotiki inatakiwa iingie ndani ya saa moja kabla ya kukata, na kwa goti iwe imeshaisha kuingia kabla mpira wa kuzuia damu haujafungwa pajani, la sivyo dawa haifiki inakotakiwa. Tulipolinganisha safu mbili za saa, mistari kadhaa ilionesha dawa imechomwa baada ya kukata, na mingine imechomwa wodini asubuhi wakati mgonjwa ameingia thieta saa nane mchana. Hakukuwa na mzembe wa kumtaja. Dawa ilikuwa inakaa wodini na foleni ya thieta haitabiriki. Tukaihamishia kwenye droo ya mtu wa ganzi, ikawa haichomwi mpaka mgonjwa yuko mezani. Badiliko hilo halikugharimu hata shilingi.

Ukiona kipandikizi cha aina moja kinavunjika au kinalegea kwa zaidi ya mgonjwa mmoja, usisubiri kikao. Mwambie daktari, toeni taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, maana vifaa hivi viko chini yao, na muwe na namba ya bechi mkononi. Bila namba ya bechi taarifa yenu ni malalamiko tu.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kupanga madaktari kwa matokeo na kubandika ukutani. Anayepokea wagonjwa wagumu ataonekana mbaya, na mwezi ujao hakuna atakayekuletea stika.

Kuongeza safu kila mgeni anapotoa wazo. Safu mpya iingie mara moja kwa mwaka tu, na kwa kila inayoingia itoke moja.

Kutuma orodha ya wagonjwa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Naomba usifanye.

Kuamini kwamba MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, inatosha. Vitabu vile vinahesabu huduma zilizotolewa, havikuundwa kulifuata goti moja moja kwa miaka kumi.

Mambo yakikwama

*Stika zimepotea kabisa.* Angalia maelezo ya upasuaji, hati ya kupokelea vifaa stoo, kisha waandikie waliokuja na vifaa. Usipopata, andika "haijulikani". Usikisie kwa kuangalia eksirei.

*Mgonjwa anakataa kuandikwa.* Mwache. Andika tu kwamba mmoja amekataa, bila jina, ili hesabu yako na ya thieta zikubaliane.

*Simu zote tatu zimekufa.* Subiri siku ya mnada au gulio la kijijini kwao, na mtumie ujumbe mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ukishindwa, andika HAPATIKANI, na mwakani jaribu tena. Tuna mzee aliyerudi baada ya miaka miwili akiwa na laini mpya na fimbo mpya, anashangaa tulikuwa tunamtafutia nini.

*Daktari anaona unamchunguza.* Mpe rejista aisome yeye kwanza, peke yake, kabla ya kikao. Mwombe achague tatizo la kwanza. Wengi wakishaona mgonjwa wao wa zamani anatembea, wanakuwa wa kwanza kuuliza habari za wengine.

*Mgonjwa aliyepasuliwa nje hana karatasi yoyote.* Omba muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali iliyompasua kupitia kwa mganga mfawidhi wako, kwa barua yenye ridhaa ya mgonjwa. Wakati unasubiri, piga eksirei ya sasa na uihifadhi. Itakuwa picha yako ya kulinganishia.

*Vocha hazijatolewa miezi miwili.* Panga orodha kwa hatari: kwanza waliopasuliwa ndani ya siku 90, kisha wenye kisukari na selimundu, kisha waliosema HAI-SHIDA mara ya mwisho. Wengine wasubiri.

*Umepata uhamisho.* Usiondoke na nywila kichwani. Kaa na atakayepokea kwa siku mbili, mpige simu kumi pamoja, wewe ukianza na yeye akimalizia, ili wagonjwa waizoee sauti yake. Mwandikie kwenye jalada la ndani funguo ziko wapi, nakala rudufu iko kabati gani, na nani anafuata kupigiwa. Langu mimi linaanza na mama mmoja wa Igunga, goti la kushoto, mpigie jioni.